Ukuta wa Shimo la Tisa

Baba mkwe wangu ametumia maisha yake yote katika utafutaji wa dhahabu, na dhahabu pekee aliyowahi kuishika ni pete ya ndoa ya mama mkwe, ambayo nayo, kwa maneno ya mwenye kidole, ina walakini. Nilipochumbiwa, shangazi zangu waliambiwa naolewa kwa watu wa madini. Walinipongeza mpaka wakaishiwa maneno. Siku nilipoingia sebuleni kwa mara ya kwanza nikakuta ukuta mzima, kutoka darini hadi sakafuni, umejaa mawe, nikasema kweli, madini yapo. Kwamba hayana bei nilikuja kuambiwa baadaye, nikiwa nimekwisha kufungua mabegi.

Mtaani wanamwita Mzee Feldispa. Feldispa ni jiwe. Si almasi, si yakuti, si jiwe la kuvaa kidoleni mtu akaonewa wivu. Ni jiwe lililojaa kila mahali. Ukiokota kokoto njiani kuna uwezekano mkubwa umeokota feldispa bila kukusudia. Lipo la kijivu, lipo jeupe, na lipo la rangi ya waridi, na hili la waridi ndilo lililompata baba mkwe akiwa kijana, likamshika, halikumwachia tena.

Kila mgeni anayeketi kwenye sebule ile hupewa somo kabla ya kupewa maji ya kunywa. Mimi nilipewa siku ya pili. Zamani sana, anasema, kule chini kabisa ya ardhi kulikuwa na maji ya moto yaliyokuwa yanatafuta pa kutokea. Yakapanda kwenye nyufa za mwamba. Yalikopita yaliupika mwamba, feldispa ya kijivu ikageuka ya waridi. Na maji hayohayo ndiyo yaliyobeba dhahabu, ndiyo yaliyobeba molibdeni, madini yenye rangi ya risasi ya penseli ambayo ukiyagusa yanakupaka kidole, na ambayo huchanganywa na chuma kiwe kigumu zaidi. Kwa hiyo anayetafuta dhahabu na molibdeni haanzi kuvitafuta vyenyewe, maana havionekani ovyo. Anatafuta waridi kwanza.

"Ni kama godoro lililobonyea, mkwe wangu," aliniambia. "Aliyelala ameamka, lakini ukitazama godoro unajua alilala hapa."

"Na kama aliamka akaondoka na kila kilicho chake, Baba?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa shati nje ndani. "Ndiyo maana tunachoronga," alisema.

Hakuwa mtaalamu, na hajawahi kujidai kuwa mtaalamu. Alikuwa mtunza ghala la sampuli wa kampuni iliyotafuta madini kwenye kilima cha jirani. Mashine ya kuchoronga, yaani ya kutoboa mwamba, ilipozama kilimani ilitoa mwamba kwa umbo la miche mirefu ya mviringo, kama miche ya sabuni lakini myembamba, unene wa mpini wa jembe. Miche hiyo ililetwa ghalani kwake. Aliiosha, akailaza kwenye masanduku kwa mpangilio wa kina chake, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari chini ya mstari, kama maandishi. Kisha aliipasua katikati kwa msumeno wa maji: nusu ikaenda maabara, nusu ikabaki ghalani. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mtu mwingine angeichoka baada ya mwezi.

Yeye aliifanya dini. Mpangilio ulikuwa mpangilio. Dereva aliyeleta sanduku moja likiwa limegeuzwa kichwa chini alirudishwa kilimani na gari zima, mvua ikinyesha, akathibitishe kwa wachorongaji upande wa juu ni upi. Bosi mmoja aliwahi kuchukua kipande kizuri akakiweka mezani kwake kukandamizia karatasi. Baba mkwe alikwenda ofisini kwa bosi kila asubuhi akasimama mbele ya meza ile bila kusema kitu, mpaka bosi akarudisha. "Jiwe lililotoka mahali pake," anasema mpaka leo, "si jiwe tena. Ni uongo wenye uzito."

Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani tunayemzungumzia. Nyumbani alikuwa vilevile. Vijiko vilikuwa na mpangilio, ndala zilikuwa na mpangilio, na mume wangu ananiapia kwamba utotoni walipangwa mezani kwa umri, na mgeni akija katikati ya mlo walisogezwa wote.

Katika mashimo yote yaliyochorongwa kwenye kilima kile, lililomkaa moyoni lilikuwa shimo la tisa. Chini kabisa, karibu na mwisho wake, lilitoa feldispa ya waridi ambayo hajawahi kuiona nzuri namna ile: waridi nzito, imekatwa na michirizi myeupe, na ndani ya michirizi vijichembe vya rangi ya penseli. Aliipasua mwenyewe, nusu zikapelekwa maabara, akakaa kungoja majibu. Majibu hayakuja. Bei ya molibdeni ilianguka huko duniani, kampuni ikafunga virago, na ilipokufa ilikufa na majibu yake yote. Mpaka anastaafu, baba mkwe hakujua shimo la tisa lilikuwa na nini. Wengine huzeeka na kiu ya kuona Ulaya. Yeye alizeeka na kiu hiyo.

Ghala likapata mpangaji mpya, mfanyabiashara wa saruji, na amri ikatoka kwamba mawe yaondolewe. Mashimo yote ya kilima kile, kazi ya maisha ya mtu, yakapakiwa kwenye matrela na kwenda kumwagwa barabarani kuziba mashimo ya barabara. Mzee aliomba shimo moja tu. Walimpa bila hata kuuliza lipi. Akalileta nyumbani, na masanduku yalipoanza kuliwa na mchwa akapiga moyo konde: atalijengea ukutani. Ndiyo kwanza walikuwa wanamalizia nyumba yao wenyewe baada ya miaka ya kupanga vyumba vya watu, na ukuta mkubwa wa sebule ulikuwa bado tofali tupu.

Hapo ndipo mama mkwe anapoingia, na mama mkwe akiingia mahali hapakai kama palivyokuwa.

Alikuwa ameiota sebule ile tangu alipokuwa mwari. Aliposikia ukuta utapambwa kwa mawe yaliyokatwa, yenye uso laini, alifurahi. Alipoelezwa mpangilio, alinuna. Kwa baba mkwe hapakuwa na mjadala: darini ni uso wa ardhi, sakafuni ni mwisho wa shimo, na kila mche unakaa kwenye kina chake. Maana yake nini? Maana yake kutoka darini mpaka usawa wa kiuno ni kijivu, kijivu, kijivu, kama anga la masika. Na yale ya waridi, mazuri kuliko yote, yakae kule chini karibu na sakafu, nyuma ya kabati la vyombo na makochi, mahali ambapo mgeni hawezi kuyaona mpaka aanguke.

"Nilimwambia, mume wangu, hata safu mbili tu basi, hapa usawa wa macho," alinisimulia mama mkwe jikoni, miaka mingi baadaye. "Akaniambia nataka kudanganya kilima. Kilima, mwanangu! Mimi nimezaa naye watoto watano, kilima kimemzalia nini?"

Baba mkwe aliyalaza mawe yote uani juu ya turubai, safu kwa safu, tayari kwa fundi. Kisha dada yake akaugua, naye mzee akasafiri kwenda kumwona. Fundi akaanza kazi. Alipofika usawa wa macho, mama mkwe akamletea chai nzito na maneno matamu, na safu mbili za waridi zikapanda kutoka chini, na safu mbili za kijivu zikateremka kwenda kuchukua nafasi yake nyuma ya kabati. Fundi alikuwa na wasiwasi kidogo. Mama mkwe alimwambia mwenye nyumba ni yeye.

Mzee aliporudi saruji ilikuwa imekauka. Alisimama mlangoni, begi mkononi. Akautazama ukuta. Akavua viatu, akaketi, akaomba maji, akasema, "Fundi amefanya kazi nzuri."

Mama mkwe hunisimulia sehemu hii huku anacheka mpaka anashika mbavu. "Hakuona! Mtu aliyemrudisha dereva kwenye mvua! Wanaume macho wanayo ya kupambia uso tu." Na tangu siku ile, anasema, kila jioni mzee anakiburuta kiti chake, anakielekeza kwenye ukuta, anakaa akitazama mbele mpaka usingizi unamchukua. Kwa jinsi kiti kilivyo, mbele yake ni zile safu mbili hasa. Naye haoni!

Mimi ni mshonaji. Kwangu mimi nguo ikikosewa inafumuliwa, yaishe. Nilicheka naye nikaona ni jambo dogo la watu wawili waliozoeana. Lilikuwa dogo kweli, mpaka ilipokuja kampuni mpya.

Bei ya molibdeni ilikuwa imepanda tena. Watu wakaja kilimani, wakakuta mashimo ya zamani yamefukiwa, karatasi hakuna, ghala limejaa saruji. Wakaulizauliza. Mtu mmoja sokoni akawaambia, kwa utani, kwamba shimo moja lipo mtaani, limejengwa kwenye sebule ya Mzee Feldispa. Wao hawakulichukulia kama utani. Walipiga simu: wanakuja Jumamosi kulisoma shimo la tisa, na wakiridhika ndiyo wataamua mashine mpya waiweke wapi na wachoronge kwa kina gani.

Baba mkwe alipokea simu amesimama wima kama yuko gwaride. Alipoikata alienda moja kwa moja chumbani, akatoa ovaroli lake la kazi, akaniletea nimshonee kifungo. "Wanakuja kulisoma, mkwe wangu," alisema. "Sasa nitajua." Sijawahi kumwona na uso ule. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa ndugu yake aliyepotea ameonekana.

Mama mkwe alinivuta jikoni akafunga mlango. Hakuwa anacheka tena.

"Nimekwisha," alisema.

"Mwambie, Mama. Leo hii, kabla hawajaja."

"Nimwambie nini? Kwamba hicho anachokitazama kila jioni ni uongo? Na uongo wenyewe nimeuweka mimi?"

"Usipomwambia watasoma vibaya. Watachoronga pasipostahili, na lawama itamwangukia yeye. Yeye ndiye atakayewaambia ukuta uko sawa."

Alikaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kanga. "Akiaibika mbele ya wale watu atakufa," alisema. "Na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua."

Alijaribu, Mungu ni shahidi. Siku ya kwanza alimpelekea uji, akakohoa, akaanza, "Mzee, kuhusu ule ukuta…" Mzee akamkatiza kwa furaha, "Umeona eh? Umesimama miaka yote hii bila ufa!" Akarudi jikoni na bakuli tupu na maneno yake yote. Siku ya pili alikata shauri la kuficha. Alitundika shuka ya maua juu ya zile safu mbili, akasema inaongeza mwanga. Tulipotoka sokoni tukaikuta shuka imekunjwa vizuri, iko juu ya kochi. Mzee yuko kwenye kiti chake, anatazama mbele.

"Inaniziba," alisema tu.

Jumamosi wakaja watatu. Kiongozi alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye kofia pana na viatu vya matope, aliyesalimia kwa heshima na kuvua viatu hivyo mlangoni bila kuambiwa. Nyuma yake walikuwa wasaidizi wake wawili, mmoja wa miwani na mmoja wa ndevu, wote wamesoma mpaka wamechoka. Tulisogeza makochi na kabati. Baba mkwe, ndani ya ovaroli lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, alisimama kando ya ukuta, akaeleza kwa sauti ambayo sikuijua, sauti ya kazini.

"Darini ni juu ya ardhi. Sakafuni ni mwisho. Someni kutoka kushoto, kama kitabu."

Wakaanza kusoma. Kusoma kwao ni kulowesha kwanza, maana jiwe likilowa rangi hujitokeza, na walikuwa na chupa ya kupulizia maji. Ilipoishiwa, yule wa ndevu hakungoja. Aliuinamia ukuta akaulamba. Mama mkwe, aliyekuwa anatokea jikoni na sinia ya chai, alimwona msomi wa chuo kikuu akilamba ukuta wa sebule yake, na kwa kitambo kidogo alisahau hata shida yake.

Kijivu, kijivu, kijivu. Wakashuka safu kwa safu. Kisha wakafika usawa wa macho.

"Bosi!" alisema wa miwani. "Waridi! Huku juu!"

Wote watatu wakasogea. Wakatoa vioo vyao vya kukuzia, wakabandika macho ukutani. Wa ndevu akalamba tena, kwa shauku zaidi. Wakashuka chini, kijivu ikarudi, halafu karibu na sakafu wakakuta waridi nyingine, pana, ile ambayo haikuwahi kuguswa. Sasa furaha haikuwa na mpaka. Kumbe waridi iko mara mbili! Kumbe mmoja wa mikanda hiyo uko juu, hauhitaji hata kuchimbuliwa sana!

"Lakini imefikaje huku?" aliuliza bosi, akikuna shavu. Alikuwa na mashaka, na nilimpenda kwa hilo. "Ni feldispa ileile. Michirizi ileile. Inaanza ghafla, inakatika ghafla."

"Ardhi imekatika hapa," alisema wa miwani, na mikono yake ikaanza kupaa. "Mwamba ulipasuka, kipande cha chini kikanyanyuliwa mzimamzima mpaka hapa juu. Ni nguvu kubwa ajabu, bosi. Nguvu ya kutisha!"

Nguvu hiyo ilikuwa imesimama nyuma yake na sinia ya chai, kijasho chembamba kikimtoka. Vikombe vilikuwa vinagongana. Mimi niliuma kanga nisicheke na nisilie, maana vyote viwili vilikuwa koo moja.

Bosi akamgeukia baba mkwe. Alizungumza taratibu. "Mzee wetu, hii inabadilisha kila kitu. Kama mkanda huu wa juu ni wa kweli, mashine nitaiweka kileleni na nitaanza na mashimo mafupi. Kama si wa kweli nitakuwa nimechoronga mawe matupu. Wewe ndiye uliyeyapanga. Nikuulize mara moja tu: kila jiwe liko mahali pake?"

Nilimwona mama mkwe akifumbua mdomo. "Mimi…" alianza.

"Mama watoto," alisema mzee, bila kugeuka, "weka chai mezani, itapoa."

Akaweka. Baba mkwe aliutazama ukuta wake wote, juu mpaka chini. Maisha yake yote alikuwa amengoja mtu amuulize swali lile, na jibu lake la maisha yote lilikuwa ndiyo.

"Hapana," alisema. "Yako sawa yote, isipokuwa safu hizi mbili. Kwao ni kule chini, nyuma ya kabati lilipokuwa, juu kidogo ya zile waridi nyingine. Na za kijivu mtakazozikuta kule ndizo za hapa. Mkizirudisha kila moja kwake, shimo liko kamili."

"Nani alizihamisha?" aliuliza wa miwani, mikono ikiwa bado hewani.

"Mwenye sebule," alisema mzee. "Hapa zinaonekana vizuri zaidi."

Bosi alimtazama mama mkwe, akazitazama safu mbili za waridi, kisha akacheka, kicheko kizuri kisicho na ubaya. "Sebule ni nzuri sana, mama," alisema, akachukua kikombe. Wa miwani naye akachukua chake, akakaa pembeni na nguvu zake za ajabu, akanywa kimyakimya.

Walikubaliana kuzitoa zile safu, za waridi na za kijivu zilizobadilishana nazo, zikapimwe. Fundi angekuja Jumatatu na tindo. Waliaga kwa heshima. Bosi alimshika baba mkwe mkono kwa mikono yake yote miwili.

Walipotoka, mama mkwe alikuwa bado amesimama palepale.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu niliposimama mlangoni siku ile. Hata viatu nilikuwa sijavua."

"Na ukakaa kimya? Wewe? Wewe uliyemrudisha mtu kilimani kwa sababu ya sanduku moja? Kila jioni unakaa hapo mbele yake, unatazama kosa langu, husemi! Mbona hukusema?"

Mzee alikuwa anahangaika kukirudisha kiti chake mahali pake. Alijibu akiwa ameinama, kama anayejibu jambo la kawaida.

"Ningesema, ungezirudisha."

Mama mkwe alikusanya vikombe kwenye sinia. Alikwenda jikoni akaanza kuviosha, hata vile ambavyo wageni walikuwa hawajavigusa. Mimi nilikwenda kwenye cherehani yangu nikalia, na sioni haya kusema.

Majibu yalikuja safari hii. Bosi aliyaleta mwenyewe, pamoja na mabaki ya mawe kwenye mfuko wa salfeti. Molibdeni ilikuwepo, alisema, ila kidogo, ya kupaka vidole tu. Dhahabu ilikuwa harufu tu. Shimo la tisa lilikuwa na feldispa nzuri kupita kiasi, na uzuri wake ulikuwa umeishia hapo. Wangehamia kilima kingine. Nilimtazama baba mkwe nikiogopa. Alitikisa kichwa polepole, kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo alilala hapa," alisema, "akaamka, akaondoka na kila kilicho chake. Uliniambia, mkwe wangu." Na yule mzee akacheka, kicheko chepesi cha mtu aliyetua mzigo. Alikuwa amejua. Kumbe kutojua ndiko kulikokuwa kumemsumbua, utajiri ulikuwa habari ya watu wengine.

Ugomvi ulianza fundi alipokuja kurudisha mawe. Palikuwa na matundu mawili, moja usawa wa macho, moja kule nyuma ya kabati. Fundi akakoroga saruji, akauliza aanze wapi na lipi.

"Ya waridi yaende chini, kwao," alisema mama mkwe. "Na yapangwe sawasawa, nisione hata moja limegeuka."

"Ya waridi yakae juu," alisema baba mkwe.

"Chini! Mpangilio ni mpangilio!"

"Nimeshasema juu. Wageni wataona nini?"

"Wageni gani? Unataka kudanganya kilima?"

Walizozana mpaka saruji ikaganda kwenye karai, na fundi, mtu mwenye busara, akaniuliza mimi nitamlipa nani. Nilimpa chai akaenda zake.

Tangu siku hiyo matundu yote mawili yako wazi. Ila mawe hayakai mfukoni. Leo nitayakuta ya waridi yamepangwa juu, usawa wa macho, makavu, bila saruji, na mzee yuko kwenye kiti chake anajidai kusinzia. Kesho nayakuta yako chini nyuma ya kabati, kila moja kwenye kina chake, kushoto kwenda kulia, na mama mkwe anapepeta mchele kama hakuna kilichotokea. Hakuna anayemuuliza mwenzake. Juzi niliingia ghafla nikamkuta mama mkwe amepiga magoti sakafuni na magoti yake mabovu, kitambaa mkononi, analifuta jiwe moja kabla ya kulirudisha kule linakotakiwa. Aliweka kidole mdomoni, kunionyesha ninyamaze. Jioni lilikuwa limepanda tena.